Ajipambie Nani?

Juzi tulikuwa kwenye hina ya binti wa jamaa zetu, Kibokoni, hapa Mombasa. Nyumba imejaa wanawake hadi ngazini, udi umetanda, watoto wanakanyagana. Fundi wa hina alipomaliza kwa bibi harusi na kwa wasichana waliomzunguka, mamangu mkubwa, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alinyosha mkono akasema, “Nami nitie, mwanangu. Maua, kama yao.” Fundi yule akacheka, si kwa ubaya, akamtia duara moja katikati ya kiganja na kumpaka ncha za vidole. “Hii ndiyo ya watu wazima, bibi,” akasema, akamwita anayefuata. Nyuma yangu mwanamke mwengine akamwambia mwenzake, wala hakujisumbua kuishusha sauti: “Mume keshakufa, watoto wote wameoa na kuolewa. Ajipambie nani?”

Mamkubwa alisikia. Aliuingiza mkono ndani ya leso, hina ikiwa bado mbichi, akakaa hivyo mpaka tulipoondoka.

Nimeshindwa kulinyamazia neno hilo kwa sababu si la mtu mmoja. Nimelisikia Majengo, nimelisikia Tudor, nimelisikia Kisauni, kwenye matanga na kwenye maulidi. Mwanamke akishavuka hamsini na kitu, na hasa akifiwa, mtaa mzima humgeukia askari. Dera la maua, ataambiwa la kisichana. Wanja, ataulizwa ana nini siku hizi. Akivaa bangili alizojinunulia kwa pesa zake, wataanza kumtafuta mchumba wake ni nani. Kisha watu haohao wakimwona amenyong'onyea, haendi popote, hasemi na mtu, hutikisa vichwa wakasema uzee umemfika.

Najua tulikolitoa wazo hili, na sitalikana lote. Mwana Kupona, mshairi wetu wa Pwani, alipomuusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858, alimwambia aoge, afunge nywele zake, atunge asumini alaze kitandani, atie hina na asiishiwe na wanja, na yote hayo kwa ajili ya mume. Ni usia mzuri, na vizazi vya mabinti wa Pwani wamelelewa nao. Lakini ulikuwa usia kwa binti anayeanza maisha ya ndoa. Aliyeuandika alikuwa mjane, mumewe alikufa miaka miwili kabla, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hakuna mahali alipomwambia bintiye kwamba siku mume akiondoka, na asumini ing'olewe uani. Hilo tumeliongeza sisi.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaotumia dini kumfungia mjane mlango, kwa kuwa dini yenyewe iko wazi kabisa. Eda ya aliyefiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Katika muda huo mwanamke huacha mapambo, manukato, hina na wanja. Ni muda wa huzuni na heshima, na una mwisho wake. Aya ya 234 ya Al-Baqara, ileile inayoutaja muda huo, inaendelea kusema kwamba ukishatimia hapana lawama kwa yale wanawake wanayojifanyia wenyewe kwa wema. Nani basi aliyeongeza miaka ishirini juu ya miezi minne? Nani aliyempa jirani mamlaka ya kurefusha eda ya mtu? Mamkubwa alikaa eda yake ikatimia siku hata siku, hakuna aliyemsimamia. Alipotoka alitoka na haki zake zote. Hata mvi, mafunzo tuliyoyapokea kwa Mtume ni kuzibadili rangi na kuepuka weusi, na hina ndiyo iliyotumiwa tangu hapo. Mwanamke mwenye kichwa cha rangi ya hina yuko ndani ya mila na ndani ya dini, miguu yote miwili. Na Bi Khadija, tunayemtaja wa kwanza kila tunapowataja wake za Mtume, alikuwa mjane mwenye mali na biashara yake, na yeye ndiye aliyepeleka posa.

Wenzetu Wakristo wa Mombasa nao wana yao. Rafiki yangu wa Likoni ameambiwa na ndugu wa marehemu mumewe kwamba hereni zinamwonyesha hana uchungu. Miaka saba baada ya mazishi.

Liko jambo lengine linalonishangaza katika mji huu. Binti akitaka kuolewa, tunampeleka kwa nani akafunzwe mwili wake na uzuri wake? Kwa somo. Na somo ni nani? Ni mwanamke mkubwa, mara nyingi mjane, mwenye miaka sitini, sabini. Yeye ndiye anayejua liwa isuguliwe vipi kwenye jiwe, yeye ndiye anayejua nguo ifukizwe na udi gani na kwa muda gani, yeye ndiye anayejua kikuba, lile fungu la maua na majani ya kunukia, kikae na mrehani kiasi gani ili asumini isimezwe. Ngoma ya vugo, ile ya wanawake harusini, haisimami bila wanawake wa rika hilo. Elimu yote ya uzuri wa Mswahili imewekwa amana mikononi mwao. Harusi ikisha, mikono hiyohiyo tunaiambia haifai kutiwa maua. Tulimpigia makofi Bi Kidude wa Unguja akiimba na kupiga ngoma akiwa kizee, hadi alipofariki mwaka 2013, tukajivunia kwamba ni wetu. Mama zetu wenyewe wakicheka kwa sauti barazani, tunawaambia wajiheshimu.

Watu wanaoona mapambo ni upuuzi hawajui yanavyofanya kazi. Kujipamba kwa mwanamke wa Pwani ni kazi ya mikono na pua kuliko ya kioo. Kikuba hakitungwi na mtu aliyelala. Lazima utoke ukanunue asumini kabla ya magharibi, lazima umpigie mtu simu umuulize kama mkadi umepatikana, lazima ukae na mtu mwengine, mmoja anashika uzi, mwengine anachambua majani, na maneno yanatoka. Katika saa hiyo moja mwanamke ambaye kutwa nzima hakusema na mtu ila kwa simu ya mwanawe aliyeko Dubai, anasikilizwa, anaguswa, anachekeshwa na kucheka. Kutiana hina ni kushikwa mkono kwa muda mrefu. Fikiria mwanamke aliyefiwa, watoto wametawanyika Nairobi na Arabuni: mara ya mwisho alishikwa mkono na nani, na kwa muda gani? Ukimfutia siku hizo kwa neno moja la kejeli, umempokonya kitu kikubwa kuliko rangi ya kiganja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu kuhusu watu kukosa mafungamano na wenzao, likautaja upweke kuwa tishio kwa afya. Bibi zetu walikuwa na dawa yake kwenye sinia la asumini.

Mwili hubadilika, hilo silipingi. Hedhi ikikoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka na ngozi hupoteza sehemu kubwa ya kolajeni, yaani ile nyuzi inayoikaza. Katika miaka mitano ya mwanzo inaweza kufika asilimia 30. Ngozi hukauka, huwasha, huwa nyembamba. Joto hupanda kifuani ghafla usiku, usingizi hukatika, na mtu aliyelala vibaya wiki nzima hukasirika kwa jambo dogo. Mama zetu waliyapitia haya bila kuambiwa chochote na mtu yeyote. Maji ya uvuguvugu badala ya moto, sabuni kidogo, mafuta ya nazi mwili ukiwa bado na unyevu, mwavuli juani: hayo yanatosha wengi, na yanauzwa sokoni Marikiti kwa bei ya kawaida. Kwa hina, sema hina. Piko, ile iitwayo hina nyeusi, kataa. Piko huchanganywa na rangi ya nywele, na kemikali yake, PPD, huweza kuibabua ngozi ikatoka malengelenge na kuacha kovu. Hina halisi haiwi nyeusi tii, na ukiambiwa itakolea papo hapo, jua si hina.

Sasa nije kwenye krimu.

Kwa kuwa tumemwambia mwanamke mzima kwamba uzuri wake umekwisha, ametokea mtu wa kumuuzia mwengine. Kopo dogo, maandishi ya lugha ambayo hata muuzaji hasomi, ahadi kwamba madoa ya uzee yataondoka kwa siku saba. Mengine huletwa kama zawadi, na mabinti wanaotumwa kazi ng'ambo, kwa mapenzi kabisa. Baadhi ya krimu hizi za kung'arisha zina zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kwenye figo, na figo za mtu wa miaka sabini mwenye presha na sukari hazina akiba ya kupigana nayo. Ndiyo maana mkataba wa dunia wa Minamata, ulioanza kazi mwaka 2017, uliviwekea vipodozi kikomo cha zebaki cha sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuvipiga marufuku kabisa vyenye zebaki ya kuongezwa. Nyengine zina steroidi kali, dawa ambayo daktari huiandika kwa siku chache kwa ukurutu. Mtu akijipaka uso na mikono miezi na miezi, ngozi huwa kama karatasi ya sigara, ikiguswa huvilia damu, na sukari mwilini yaweza kupanda. Nimeiona mikono hiyo. Mwenye nayo alikuwa na rangi nzuri ya kahawa tangu kuzaliwa, na hakuna siku ambayo mtu alimwambia.

Basi mwambieni! Mwambie mamako ana rangi nzuri. Mwambie leso hii imempendeza. Kama unaona haya kusema kwa mdomo, mnunulie leso, jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, litasema.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wako wanawake ambao hawataki haya. Wamechoka, wamejipamba miaka arubaini kwa amri ya mtu, na leo wanataka kulala mchana na kuvaa dera moja kuukuu. Wana haki hiyo kamili, na wasisumbuliwe na binti mwenye bidii kama mimi. Nakubali pia kwamba pesa ni shida. Mzee wa miaka 70 anayepokea Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na kabla ya udi kuna unga na dawa ya presha. Lakini fungu la asumini halijawahi kumfilisi mtu, na kuinyamazia kejeli ni bure.

Na liko jambo ambalo hina haitalitibu, na sitaki mtu asome maneno yangu akadhani nalipuuza. Mwanamke aliyekuwa akijipenda akiacha ghafla, akawa haogi mpaka abembelezwe, chakula hakimpandi, anaamka saa tisa usiku hapati tena usingizi, anasema ni mzigo kwa watoto, na hali hiyo ikapita wiki mbili, huyo anaweza kuwa na sonona, na sonona ni maradhi. Si uzee, si kukosa imani, wala si lazima awe amerogwa. Kisomo asomewe, dua aombewe, na hospitali apelekwe. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo hufanana sana na hali hiyo, na baadhi ya dawa humnyong'onyeza mtu. Yote hayo hujulikana kwa kipimo cha damu na kwa daktari kuziangalia dawa anazotumia. Kwa hiyo nenda nazo zote kwenye mfuko, pamoja na yale makopo ya krimu. Kumbuka alianza lini kubadilika. Na daktari akikwambia ni umri tu bila kumpima wala kumuuliza yeye mwenyewe, usiinuke kwenye kiti. Mwombe ampime.