Tumbili Alivyonirekebishia Mchoro

Makaa ya kuchorea hayapendi raba. Ukisugua yanapakaa tu. Wachoraji tangu zamani hutumia mkate: unachomoa ule ulaini wa ndani, unaufinyanga kwa vidole, unagusagusa karatasi, na makaa yanang'ang'ania mkate.

Ndiyo sababu nilikuwa kando ya Ziwa Naivasha na karatasi kubwa, vijiti vya makaa na mkate mzima. Mbele yangu migunga, ile mirefu yenye gome la manjano. Wazungu wa kikoloni waliiita miti ya homa: walipiga kambi chini yake, wakashikwa na malaria, wakaulaumu mti. Mbu wakaachiliwa huru.

Kila mgunga niliuvika majani yake yote, hata ile iliyosimama majini, mikavu tangu ziwa lilipofura mwaka 2020 na kuzamisha mashina. Niliihurumia, nikaifufua.

Nikainuka kunyoosha mgongo. Kugeuka, tumbili ameketi juu ya ubao wangu, mkate kwapani. Alikuwa dume, ile buluu ya korodani zake haifichiki. Nikampigia makofi. Akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji mwenye deni, kisha akainama na kuanza kulamba chembe za mkate juu ya mchoro.

Na chembe zilikuwa wapi? Kwenye majani, mahali nilipofutafuta zaidi. Alilamba, akapangusa kwa kiganja, akalamba tena. Matawi ya mgunga wa kwanza yakabaki uchi, ya wa pili vilevile. Alipomaliza migunga yote akapanda mtini na mkate wake, nami chini nikiokota vijiti na kumtukana kwa lugha zote ninazozijua.

Kijana wa boti, wa kupeleka watalii kuona viboko, akasogea. Akatazama mchoro, akatazama ziwa, akarudi kwenye mchoro.

"Bosi, sasa umeiweza! Asubuhi nilipita hapa nikaona umeweka majani. Nikajiuliza, majani gani tena, na miti yenyewe ilikufa?"

"Si mimi. Ni huyo."

Akainua macho. Juu huko tumbili alikuwa anatafuna, hana habari.

"Basi huyo analijua ziwa. Unauza pesa ngapi?"

"Elfu moja."

Akacheka, akanitolea noti ya mia mbili.

"Mia yako," akasema. "Hiyo nyingine mnunulie fundi mkate."