Jaji asiye na chama: kisa cha Hjalmar Hammarskjöld

Ukitaja jina Hammarskjöld, wengi wetu tunamkumbuka Dag, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akienda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, kuhusu mapigano ya huko. Baba yake, Hjalmar, hatajwi sana. Nami naona baba ndiye wa kusomwa kwanza na kila anayetamani nchi ikabidhiwe mwanasheria safi asiye na chama. Tamaa hiyo naisikia kila siasa zinapochafuka, na inanitia hofu.

Usafi wake haukuwa wa kuazima. Alizaliwa Småland, kusini mwa Uswidi, mwaka 1862, akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Uppsala, akawa Waziri wa Sheria, kisha rais wa Mahakama ya Rufani ya Göta mjini Jönköping. Dag alizaliwa katika mji huohuo mwaka 1905. Mwaka 1909 Ufaransa na Ujerumani zilipofikishana kwenye usuluhishi wa Hague, Hjalmar ndiye aliyeongoza jopo. Shauri lilihusu askari watoro wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kikosi cha askari wa mataifa mbalimbali, ambao ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Casablanca ulijaribu kuwatorosha. Jopo likasema ubalozi ulikosea kuwalinda hata wasiokuwa Wajerumani, na Wafaransa nao walitumia nguvu kupita kiasi. Kila upande ukaondoka na kosa lake, na mataifa mawili makubwa yakakubali. Hiyo ni kazi ya jaji, na aliifanya vizuri sana.

Februari 1914 wakulima wapatao 30,000 waliandamana hadi kasri la Stockholm kudai jeshi liimarishwe. Mfalme Gustaf V akatoka uani, akawahutubia kwa maneno yaliyoipinga waziwazi sera ya Waziri Mkuu wake mwenyewe, Karl Staaff. Staaff akajiuzulu. Mfalme akamwita Hjalmar, ambaye wakati huo alikuwa gavana wa mkoa wa Uppsala, aunde serikali isiyo ya chama.

Hapa ndipo ninapokataa sifa ya "hana chama". Kutokuwa na chama si sawa na kutokuwa na upande. Aliingia kwa mlango uliofunguliwa na mfalme baada ya waziri mkuu mwenye wabunge nyuma yake kusukumwa nje. Mwenye chama ana wanachama wa kumkaripia mambo yakiharibika. Hjalmar alikuwa na dhamira yake na imani ya mfalme, basi.

Miezi michache baadaye vita vikuu vikalipuka. Uswidi haikuingia, na hilo nampa heshima yake yote, kwa sababu vijana wengi walibaki hai. Lakini namna alivyoshikilia kutoegemea upande ilikuwa ya mahakamani: nchi isiyopigana ina haki kisheria ya kufanya biashara na pande zote mbili, kwa hiyo haitakubali masharti ya Uingereza. Kisheria hoja yake ilikuwa na nguvu. Baharini zilitawala meli za kivita za Uingereza, na London ilimwona kama mtu anayeinufaisha Ujerumani. Mizigo ikazuiwa. Mavuno ya 1916 yakawa haba. Kufikia Januari 1917 mkate ulikuwa unatolewa kwa kadi.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Marcus Wallenberg, ndugu wa Waziri wa Mambo ya Nje, alijadiliana na Waingereza akapata rasimu ya mkataba wa kulegeza uzuiaji wa bidhaa. Hjalmar akaikataa. Wananchi waliokuwa wakipanga foleni ya mkate walikwisha kumbandika jina la Hungerskjöld, wakiingiza njaa ndani ya jina la ukoo wake. Machi 1917 serikali yake ikaanguka. Wiki chache baadaye wafanyakazi walikuwa barabarani katika miji mingi wakidai chakula.

Hukumu ya jaji hupimwa kwa usahihi wake. Ya waziri mkuu hupimwa pia jikoni kwa mama mwenye watoto, na kiongozi asiyelijua hilo hata akiwa mwadilifu kiasi gani atawaumiza watu.

Mwaka 1954 Dag alikalia kiti cha marehemu baba yake katika Akademia ya Uswidi, ile inayotoa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na kwa desturi ilimpasa kumzungumzia. Alimtetea: mtu aliyekomaa, alisema, ni hakimu wa nafsi yake. Miaka sita baadaye, Agosti 1960, Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa Kongo, alimtaka atumie askari wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Katanga iliyojitenga. Dag alijibu kwa maandishi ya azimio la Baraza la Usalama: jeshi hilo halipaswi kuingilia mgogoro wa ndani. Lumumba akamwambia hana imani naye tena, na Januari 1961 aliuawa hukohuko Katanga. Simbebeshi Dag damu ile, waliomuua wanajulikana. Lakini Wakongo wanaomlaumu mpaka leo wanalaumu kitu halisi, nami nakiona kikitoka kwa baba.

Kuhusu hakimu wa nafsi yake, sikubaliani na Dag. Waziri mkuu ana hakimu wa nje, naye ni mpiga kura. Uchaguzi wa Septemba 1917 uliwapa ushindi Waliberali na Wasoshalisti-Demokrasia. Mfalme hakutaka, akajaribu njia nyingine, mwishowe ikambidi ampe serikali Nils Edén, kiongozi wa Waliberali, mtu wa chama.