Kabila Gani? Swali la Dirishani

Huku Pwani ya Kenya bado kuna wazee wanaokiita kitambulisho kipande. Kile kipande cha mkoloni, mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma: jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, na kabila lake. Kikebe kilitoweka. Swali la kabila likabaki kwenye fomu ya kitambulisho.

Wamakonde wa Kwale wanalijua swali hilo kuliko wengi. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa hapa, wakazikana hapa. Uhuru ulipokuja 1963, wao hawakuhesabiwa raia.

Namfahamu mama mmoja wa Kimakonde, muuza vitumbua. Kwa miaka mingi pesa zake za M-Pesa ziliingia kwenye simu ya jirani, kwa kuwa bila kitambulisho hungeweza kusajili laini. Akitaka kulipa karo, kwanza apige hodi. Jirani akisafiri, pesa nazo zimesafiri. Jirani huyo ni Mdigo, kabila la wenyeji wa Kwale, na hajawahi kumdhulumu hata shilingi moja. Hawa wawili wamelea watoto pamoja na kuzika pamoja. Aliyewatenga ni serikali: mmoja akapewa karatasi, mwenzake akanyimwa.

Na sheria ilikuwepo! Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na nchi waliokuwa wakiishi hapa tangu uhuru. Ofisi zikakaa kimya, hadi Oktoba 2016 Wamakonde walipofunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu, Nairobi. Ndipo vitambulisho vikatoka, na mwaka 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya.

Nilifurahi sana siku ile, na furaha hiyo siijutii. Lakini hiyo namba 43 inaniuma. Kwa nini mtu alazimike kwanza kuwa kabila ndipo awe Mkenya? Wapemba wa Kilifi na Kwale nao walingoja zamu yao ya kutambuliwa hadi 2023. Wanubi wa Kibera na Wasomali hawakukosa kabila, ila kwa miongo mingi vijana wao walipigwa msasa mbele ya kamati, waeleze babu alizaliwa wapi, huku wanafunzi wenzao wa darasa moja wakipeleka cheti cha kuzaliwa na kurudi nyumbani. Kijana aliyefanyiwa hivyo akiwa na miaka 18 alifundishwa na serikali yake mwenyewe kwamba kabila ndilo ufunguo. Halafu uchaguzi ukifika tunamlaumu kwa ukabila.

Tanzania iliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya ile ya 1967, na Mmakonde wa Mtwara hakupungua Umakonde wake. Ngoma zake anazo, vinyago vyake anavyo. Basi na sisi tuufute ule mstari kwenye fomu ya kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa kitoshe.

Yule mama sasa ana laini kwa jina lake. Mjukuu wake yuko darasa la sita. Siku atakayofika kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho, nataka aulizwe jina tu.