Mbu Hatoki Mbali

Kwa wiki mbili nzima nilikuwa napuliza dawa chumbani kila jioni. Nafunga madirisha, nasubiri nje, kisha naingia kulala. Usiku wa manane, mlio ule ule sikioni. Asubuhi moja, katika kufagia, nikainua chungu cha maua kilichokuwa karibu na dirisha. Kwenye kisahani chake kulikuwa na maji yasiyojaza hata kikombe, na ndani yake viluwiluwi wa mbu. Walikuwa wananing'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji ili wavute hewa. Kivuli cha mkono wangu kilipowapitia, wote wakajipindapinda na kuzama.

Kutoka pale hadi kitandani kwangu ni hatua tatu.

Tunazungumza kuhusu mbu kama mvamizi anayetoka porini. Huyu wa aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi na homa ya manjano, ni wa nyumbani kabisa. Hana haja ya kinamasi. Kifuniko cha chupa kinamtosha, au tairi bovu, au mfereji wa paa uliozibwa na majani. Penye joto, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi tu. Kwa hiyo anayekuuma leo pengine alikulia kwako au kwa jirani, katika chombo ambacho mmekipita mara kumi.

Kisa cha Panama hakinitoki akilini. Wafaransa walianza kuchimba mfereji wa kupitisha meli katika nchi hiyo ya Amerika ya Kati mwaka 1881, na hadi kazi inasimama mwaka 1889 watu zaidi ya 20,000 wanakadiriwa kuwa wamekufa, wengi kwa homa ya manjano na malaria. Walikuwa wamejenga hospitali nzuri yenye bustani. Ili siafu na sisimizi wasiwapandie wagonjwa, miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya vibakuli vya maji, na mimea ya bustani ikazungushiwa vijifereji vya maji. Madirisha hayakuwa na wavu. Watu walilazwa na ugonjwa mmoja wakapata mwingine, kwa mbu waliozaliwa chini ya kitanda cha mgonjwa. Sisemi waliojenga walikuwa wajinga. Wakati ule wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, ingawa daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alikuwa amemtaja mbu mwaka ule ule wa 1881. Kinachoniuma ni kwamba maji yale yaliwekwa kwa nia njema, kila siku, na watu waliojali.

Wamarekani walipochukua kazi hiyo mwaka 1904, daktari William Gorgas alipeleka watu nyumba kwa nyumba. Mapipa yakafunikwa, madimbwi yakamwagiwa mafuta, nyumba zikafukizwa. Na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: Jiji la Panama likaletewa maji ya bomba, watu wakaacha kulazimika kukinga mvua kwenye mapipa. Mwishoni mwa 1905 homa ya manjano ilikuwa imekoma jijini.

Hapo kwenye bomba ndipo ninapogombana na kampeni nyingi za usafi. Mama wa nyumba anaambiwa asiweke maji wazi, tena kwa ukali, na bomba lake linatoa maji mara mbili kwa wiki. Atafanyaje? Ataweka ndoo, ataweka pipa, na atakuwa sahihi. Anayeshindwa kumpa maji ndiye aliyemwandalia mbu mazalia, na huyo hapigwi faini. Mpeni mfuniko unaobana vizuri, kisha mtengeneze bomba.

Gari la kupuliza moshi mtaani nalo lina kazi yake mlipuko unapotokea, ila moshi huua mbu wanaoruka tu. Walio majini wanabaki, na baada ya siku chache mtaa umejaa tena. Hata kumwaga maji hakumalizi kazi. Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ni vidoa vyeusi, vidogo kiasi kwamba utadhani ni uchafu. Vinaweza kukauka miezi kadhaa bila kufa, na maji yakivifikia tena, vinaanguliwa. Chombo lazima kisuguliwe kwa brashi.

Siku ile nilimwaga, nikasuuza, nikarudisha kisahani mahali pake nikiwa nimeridhika. Wiki iliyofuata nikaona viluwiluwi wengine. Sasa nakisugua kila Jumamosi, ukingo hasa, kwa kidole gumba na brashi kuukuu ya meno.