Si joto peke yake
Nyinyi mnaosema ati kuchota maji ya ziwa la kreta, yaani ziwa lililo kwa shimo la juu ya volkano, ili kupima kama volkano inaamka ni kuharibu pesa, someni habari ya volkano ya Ruapehu kule New Zealand. Wanasayansi wa huko hawaangalii joto la ziwa tu, wanapima magnesiamu dhidi ya kloridi, vitu viwili vilivyoyeyuka kwa hayo maji. Kloridi inapanda na gesi kutoka chini lakini magnesiamu inatoka kwa mawe, so ikiruka ghafla huenda maji ya asidi yamepata mawe mapya ya moto ya kuyeyusha, na mvua ikinyesha inapunguza zote pamoja ndio maana wanatumia uwiano. Hapa Nakuru volkano yetu ya Menengai haina ziwa, asubuhi ya baridi ukisimama ukingoni unaona mvuke tu kwa nyufa. Lakini hata mvuke si unapimika?