Kompresa ya fundi rangi ilivyoniaibisha

Jamani naombeni msinicheke. Nina kamashine ka leza hapa Majengo, Moshi, nakatia plaiwudi, na shida yake ilikuwa moja tu, kila nikikata kamoto kanawaka palepale kwenye mstari, ukingo unatoka mweusi kama sufuria la makande ya msibani na lenzi inajaa masizi. Dawa yake upepo: unapitisha mpira mpaka kwenye nozeli, hewa inapuliza pale leza inapogonga, moto hauwaki na moshi unakimbia (wa plaiwudi, sio mji).

Kapampu kake nimeagiza Dar hakafiki, nikaenda kwa fundi rangi wa magari hapo jirani akaniazima kompresa. Geji inasoma bar 8. Regulata ya kupunguza presha sina, nikasema aah si upepo tu, kumbe hata bar 2 zingetosha kabisa. Mpira nikaukaza na tyubu ya baiskeli, kazi ikaanza.

Ilikuwa oda ya mama mmoja, KARIBUNI SENDOFF, herufi mojamoja, sentimita 3. Ilikata safi nikajiona injinia. Mama mwenyewe huyo akaingia, "Mwanangu hebu nione," na mimi kwa sifa nikafunua mfuniko. Sasa ukifunua mfuniko leza inajizima yenyewe, ila kompresa ya fundi rangi haijui habari za mfuniko, yenyewe inapuliza tu. Herufi zote juu! Nyingine dirishani, nyingine uvunguni, mama kajikunja anakemea kwa jina la Yesu, mi nikaurukia mpira niukabe ukachomoka kwenye nozeli, ukaanza kujirusha kama nyoka aliyekanyagwa mkia, halafu ukakohoa maji. Maji ya kutu! Kwenye lenzi, kwenye plaiwudi, kwenye kitenge cha mama.

"Mwanangu, hii mashine yako inakojoa?"

Fundi rangi kaja mbio, badala anipe pole ananiambia, "We si ungeuliza, upepo ukibanwa unaacha maji kwenye tangi, mi nayamwaga kila asubuhi, leo umeniwahi."

Usiku nikazipanga mezani nilizookota, R haipo. Inasomeka KAIBUNI SENDOFF. Nimekaa naiangalia tu, simu ikaita.

"Mwanangu, nimevua kilemba kuna kiherufi kimedondoka. Nikuletee kesho au nikurushie?"