Bosi Kamweka Mbwa Chini

Shuleni kitenzi "put" tulikipenda kwa uvivu wake. Wenzake wanabadilika kila wakati, go, went, gone, mpaka vichwa vinauma. Chenyewe leo put, jana put, hata kikishatendwa bado put. Mwalimu akatuambia maana yake ni kuweka. Tukafunga daftari. Hakuna aliyetudokeza kwamba kile kineno kinachokuja nyuma, down, up, off, out, ndicho chenye mamlaka, na put ni punda tu wa kubeba mzigo.

Nikapata kazi ya ukatibu muhtasi kwa bosi mmoja, mama ambaye Kiingereza alikinyonya kwa mamake. Alikuwa na mbwa mzee, mnene, anayempenda kupita kiasi. Picha iko mezani kwake: madam kochini, mbwa kapakatwa, miguu yote minne inaning'inia. Ukiitazama tu unajua mapaja ya mwenye mbwa yameshakufa ganzi.

Jumatatu moja akaingia kachelewa, macho mekundu. Nikamuuliza kulikoni.

"We had to put him down," akasema.

Hesabu nikaipiga upesi: put, weka, down, chini. Wamemweka chini! Nikayakumbuka yale mapaja, nikafurahi kwa niaba yake.

"Very good, madam! He was too heavy. You should have put him down long ago."

Kimya. Mzee wa uhasibu, aliyekuwa akisubiri saini, akaacha kupanga stakabadhi zake. Nikadhani sijaeleweka, nikaongeza mfano: mjomba wangu anafuga mbwa, na "he puts them down every evening". Midomo ya bosi ikaanza kutetemeka. Huruma ikanishika, nikamfariji kwamba asijali, jioni akifika nyumbani "you can put him up again".

Mzee akanikanyaga mguu. Alikanyaga, kisha akabaki hapohapo.

Bosi akaelekea chumbani kwake. Kabla hajafunga mlango akaniachia agizo: "Please don't put anyone through."

Sasa hapo wewe ungeelewaje? Through ni kupita. Asipite mtu. Nikasogeza kiti mpaka mlangoni pake, nikakikalia, simu nimeivuta na waya wake. Akaja dereva, nikamrudisha. Akaja mkaguzi wa hesabu mwenye miadi, nikamwambia leo hapiti mtu. Akaja mwenyekiti wa bodi mwenyewe, na mkongojo wake, nikanyoosha mkono kumzuia. Akaniangalia kuanzia viatu hadi nywele, akaondoka bila neno. Simu nazo zikilia, naziunganisha zote kwa madam, moja baada ya nyingine, maana simu haipiti mlangoni. Muuza wino wa printa nikamuunganisha. Aliyekosea namba naye nikamuunganisha, nikamtakia mazungumzo mema.

Mchana mzee akaniita pembeni.

"Mwanangu, mbwa wa madam amekufa. Put down kwa mnyama ni ile sindano ya daktari wa mifugo, ya kumpumzisha asiteseke. Na put through ni kumuunganishia mtu simu."

Nikakaa chini taratibu. "Kwa hiyo mzee, madam anajua mjomba wangu anaua mbwa..."

"Kila jioni," akaitikia.

Usiku nikafungua kamusi nitunge barua ya kuomba radhi, na nusura nirudi kulala. Put off, ahirisha. Put on, vaa; lakini weka weight hapo mbele, umenenepa. Put out, zima moto. Put me out, umenisumbua. Put me up, nipe malazi. Bandika with, put up with me, nivumilie. Na usidhani unavipanga upendavyo: him lazima akae katikati, put him down, ila kwenye put up with hathubutu kuingia kati. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755, alishasema kwenye dibaji kwamba hivi vineno vya kubandikwa nyuma ya vitenzi ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Nduguye put, set, toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford lilimpa maana zipatazo 430. Mtu mzima huyo, na kazi hajui kuchagua.

Najua utaniambia na sisi tuna piga: tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, na hakuna anayeumia. Sawa, lakini kwetu nomino iko palepale inajieleza. Ukisikia pasi, unatafuta pasi. Down itakuonyeshaje sindano?

Barua nikaiandika bila put hata moja. Ilikuwa fupi sana.

Kesho yake bosi akaniita. Aliisoma akiwa kasimama, akaikunja, akaitia kwenye droo. Nikasubiri kufukuzwa. Akavua miwani, akaniuliza jambo moja tu: mjomba wangu amebakiwa na mbwa wangapi?